Sili Tena Nyama: Je, Nimeharamisha Alichohalalisha Mwenyezi Mungu?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh wangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nyanya barabarani Ilula. Mwaka jana lori la ng'ombe lililokuwa likienda Dar lilipinduka si mbali na kwetu. Tulikimbilia kuona kama kuna watu walioumia. Nikakuta ng'ombe wamevunjika miguu, wamelaliana, wanalia, na watu wameshafika na mapanga na magunia. Walikuwa wanakata paja na ng'ombe bado anapumua, anatutazama. Jioni mume wangu akaja na nyama kwenye kiroba. Sikuweza kuipika. Nikasema, "Wallahi sili tena nyama." Tangu siku hiyo sijala, hata harufu yake inanirudisha pale barabarani. Maziwa nakunywa na mayai nakula. Mume wangu alinivumilia, lakini Iddi ya kuchinja iliyopita mama mkwe alisema namdharau, na shemeji yangu ambaye ni ustadhi wa madrasa alisema mbele ya watu kwamba anayekataa nyama ya Iddi ameharamisha alichohalalisha Allah, ametoka katika Sunna, atubu, na mume wangu anilazimishe nile walau kipande. Mpwa wangu wa Dar yeye ananisifu, anasema kula nyama ni uuaji. Nanyonyesha mtoto wa miezi minane. Je, nina dhambi? Kiapo changu kina hukumu gani? Na watoto niwapikie nyama au nisiwapikie?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Wiki hii nilikusudia kujibu maswali ya mirathi yaliyorundikana, nimeyaweka kando. Mtu akimwambia Muislamu mwenzake mbele ya wakwe zake kwamba ametoka katika Sunna, jambo hilo halingoji zamu.

Nikupe jibu kwanza, usije ukasoma mpaka chini huku moyo unadunda. Huna dhambi kwa kutokula nyama. Nyama ni halali, si faradhi, na kilicho halali mtu hukila akitaka na hukiacha asipotaka. Wewe hukusema nyama ni haramu. Ulisema huli. Baina ya maneno hayo mawili pana mto mpana, na shemeji yako ameuvuka bila kuangalia maji.

Amesahau kisa ambacho kila aliyesoma vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim amekipitia. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mkewe, Bibi Maymuna, akaletewa dhabbu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, amechomwa. Alipoambiwa ni nyama gani aliurudisha mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza, je, ni haramu? Akasema hapana, ila hakuwako katika nchi ya watu wangu, na naona nafsi yangu inamkataa. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume anamtazama. Hakuna aliyemwambia Mtume, "Onja walau kipande tujue kwamba hujaharamisha." Wala yeye hakumzuia Khalid. Na Abu Hurayra amesimulia kwamba Mtume hakukitia ila chakula hata siku moja: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Sasa ikiwa nafsi ya Mtume iliruhusiwa kukataa nyama kwa sababu tu hakuizoea, yako iliyoona yale uliyoyaona ikataliwe?

Najua shemeji yako atanijibu nini, maana dalili zake zipo na mimi sizifichi. Atasoma Suratul Maida, aya ya 87: "Enyi mlioamini! Msiharimishe vizuri alivyokuhalalishieni Mwenyezi Mungu." Kisha ataleta hadithi ya Anas, ya wale masahaba waliouliza juu ya ibada za Mtume wakaona zao ni chache, mmoja akasema sitaoa, mwingine sitakula nyama, mwingine sitalala kitandani. Mtume akasema kwamba anayeupa kisogo mwenendo wake si katika yeye. Hizi ni dalili sahihi. Kosa lake ni pale anapozibandika. Watu wale waliacha nyama kwa kudhani kuiacha kunawakurubisha kwa Mungu kuliko Mtume mwenyewe. Waliifanya njaa kuwa daraja ya ucha Mungu, ndicho walichokatazwa. Wewe umedai daraja gani? Umemwambia nani kwamba swala yako ni bora kuliko yake kwa kuwa hujala nyama? Hujadai lolote. Donge limekukaba kooni, basi. Kumchukua mwanamke aliyeshtuka na kumweka safu moja na watu waliotaka kumpita Mtume kwa uchaji ni kusoma aya bila kumsoma mtu aliye mbele yako, na mwalimu wa watoto hapaswi kusoma hivyo.

Wengine huongeza maneno kwamba nyama ni bwana wa vyakula vya duniani na peponi. Yamo katika kitabu cha hadithi cha Ibn Majah, na wataalamu wa hadithi wameyadhoofisha. Hata yangekuwa na nguvu, sifa ya chakula si amri ya kukila. Tuna mapokezi yenye nguvu zaidi ya Bibi Aisha, alipomwambia mpwa wake Urwa kwamba walikuwa wakiuona mwezi mwandamo mara tatu katika miezi miwili, na moto haujawashwa katika nyumba za Mtume. Chakula kilikuwa tende na maji, na maziwa ya majirani. Miezi miwili bila chungu kutokota. Nani atasema nyumba ile ilitoka katika Sunna?

Sasa niseme jambo ambalo katika barua yako sikuliona likiulizwa na yeyote, si mama mkwe, si ustadhi.

Ile nyama ya kwenye kiroba ilikuwa haramu.

Mtume amesema kinachokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi kwa Abu Waqid. Paja lililokatwa ng'ombe anapumua ni mzoga hata aliyelikata awe amesoma bismillahi mara mia. Na katika Suratul Maida hiyohiyo, aya ya 3, aliyekufa kwa kuanguka ametajwa kwa jina miongoni mwa walioharamishwa, ila akiwahiwa angali hai akachinjwa kisharia. Pale barabarani, kwa maelezo yako, hakuna aliyewahi kuchinja. Walikata. Tena ng'ombe wale walikuwa na mwenyewe. Aliyepata ajali hajatoa sadaka mali yake. Kubeba nyama yake kwenye gunia ni wizi, hata kama kijiji kizima kimebeba. Basi haramu hapo ni mbili juu ya sufuria moja, na aliyekataa kuiweka jikoni ni wewe peke yako. Nyumba hiyo ilikuwa na mtu mmoja aliyesimama upande wa sharia usiku ule bila hata kujua dalili zake, naye ndiye aliyeambiwa atubu mbele ya watu.

Hili linaniuma kwa sababu halikuanzia kwenu. Mara nyingi nateremka Ipogolo, hapa Iringa, nayaona malori ya ng'ombe kutoka Usangu yakisimama kidogo kabla ya kwenda kuushuka mteremko wa Kitonga. Mbele yao ziko kilomita mia kadhaa mpaka Dar. Aliyelala chini anakanyagwa na wenzake, na mwenye fimbo anamchoma ubavuni ili asimame. Mtume aliingia shamba la mtu wa Ansari, ngamia akamwona akalia, machozi yakamtoka. Akampapasa nyuma ya masikio hadi akatulia, kisha akamwuliza mwenyewe: humwogopi Mwenyezi Mungu kwa mnyama huyu aliyekumilikisha? Amenishtakia kwamba unamtia njaa na kumchosha. Ngamia yule alipata mtu wa kumshtakia. Wa kwetu wanapita barabarani mchana kweupe, na sisi tuko pembeni tunapanga nyanya na vitunguu.

Mwaka 2013 pale Tunduma, enzi hizo ukiwa bado mkoa wa Mbeya, watu walifikia kufanya vurugu kwa ugomvi wa nani ashike kisu cha kuchinjia, Muislamu au Mkristo. Sikusikia upande wowote ukiuliza kama kisu kina makali. Na aliyelaza kondoo huku ananoa kisu mbele ya macho yake, Mtume alimwuliza, unataka kumfisha vifo viwili? Izzuddin bin Abdissalam, mwanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi, ameandika haki za mnyama juu ya mwanadamu: alishwe hata akizeeka au akiugua asiye na faida tena, asitwishwe asichokiweza, na watoto wake wasichinjwe anaona. Aliandika hayo zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Laiti yangesomeshwa madrasa kwa sauti ileile tunayosomeshea masharti ya koo na mishipa.

Kuhusu Iddi, kuchinja ni Sunna iliyotiliwa mkazo, na mmoja akichinja inawatosha watu wa nyumba yake. Imepokewa kwamba Abubakar na Umar walikuwa mara nyingine hawachinji ili watu wasidhani ni wajibu. Kula katika nyama ile kunapendeza, si sharti. Mume wako akichinja, sehemu yako peleka kwa jirani asiye na kitu, thawabu haipungui. "Hazimfikii Mwenyezi Mungu nyama zao wala damu zao, bali unamfikia ucha Mungu wenu." Na mwaliko wa karamu unaitikiwa kwa kuhudhuria, Mtume amesema aliyealikwa aitikie, kisha akitaka ale, akitaka aache.

Mpwa wako naye mwambie kwa upole kwamba hapo amepita mpaka. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nahl, aya ya 5, kwamba amewaumba wanyama wa mifugo na baadhi yao tunawala. Manabii wamekula. Akitaka kuacha nyama aiache, ila asiwaite wauaji watu waliolisha wazazi wake kwa mbuzi wao. Na wewe usimwitikie kwa sababu tu yeye anakusifu na wengine wanakulaumu.

Kiapo. Ulisema "wallahi," kwa hiyo ni kiapo kamili. Kukitimiza hakukutii hatiani, kwa kuwa hukuapa kuacha faradhi wala kutenda dhambi. Ila siku moyo wako ukitulia na ukatamani, au daktari akakuagiza, vunja bila hofu na utoe kafara: masikini kumi, kila mmoja kibaba cha mahindi au mchele, au uwavishe, usipoweza hivyo ndipo unafunga siku tatu. Na ujue kwamba kwa madhehebu yetu anayeapa kutokula nyama hakuwaingiza samaki. Samaki wa Mtera na dagaa hawamo katika kiapo chako, kama koo linawapokea.

Nalitaja hilo kwa sababu ya huyo wa miezi minane. Mimi si daktari, lakini haya kila muuguzi wa kliniki atakueleza. Maziwa na mayai usiyaache, yana vitamini B12 ambayo huipati kwenye mboga. Madini ya chuma yatafute katika maharage, mnafu na njegere, ule na chungwa au limau ili mwili uyapokee, na chai isogeze mbali na chakula maana inayazuia. Mweleze muuguzi waziwazi kwamba huli nyama, akupime damu. Na mtoto mwenyewe usimfungie katika kiapo chako. Umri huo anahitaji chuma kwa wingi. Apewe yai, dagaa waliosagwa, na nyama laini iliyopondwa. Kama huwezi kuipika, asiipike mwingine kwa kukusuta. Dada yako, mama mkwe, au baba yao mwenyewe ashike mwiko. Katika Kishafi mke halazimiki kisharia hata kupika, ingawa najua nikisema hivi jikoni za Iringa nzima zitanung'unika. Sisemi ili ugome. Nasema ili mume wako ajue kwamba sahani anayowekewa kila siku ni hisani yako, na mtu hajibu hisani kwa kumlazimisha mwenziwe kumeza.

Mama mkwe mwendee wewe. Yeye hakuona ulichokiona. Kwake nyama ya Iddi ni mkono wa mapenzi, nawe ukaurudisha mbele ya wageni. Kaa naye peke yenu, msimulie yule ng'ombe kama ulivyonisimulia mimi, usiache kitu. Na umwambie kisa cha mtu aliyemwambia Mtume, mimi namchinja kondoo na moyo unamhurumia, naye akamjibu: na kondoo, ukimhurumia, Mwenyezi Mungu atakuhurumia. Nadhani mwaka huu atakuchemshia maharage kabla hujamwomba.

Linabaki la mume wako. Alikuvumilia wakati wengine wanakusema, na hilo nalihesabu. Lakini ana deni. Nyama ile ina mwenyewe, na toba ya mali ya mtu haitimii mpaka mali irudi. Waliokula bila kujua, wakiwemo watoto, hawana lawama. Yeye aliyebeba aende kwa mwenyekiti wa kijiji, ajali ile haikosi kuandikwa, aulize ng'ombe walikuwa wa nani. Akimpata, amlipe thamani ya alichobeba au amwombe msamaha kwa ulimi wake. Akishindwa kabisa kumpata, aitoe thamani hiyo sadaka kwa niaba ya mwenye ng'ombe. Akiona haya kwenda peke yake, aje msikitini Ijumaa baada ya swala, nitakwenda naye.