Kaka yuko wodi ya kufungiwa Uingereza, nasi tumeitwa mkutanoni

SWALI: Bi Muuguzi, assalam alaykum. Kaka yangu ana miezi saba katika hospitali ya akili yenye ulinzi huko Uingereza, alipelekwa na mahakama. Sasa tumeandikiwa kwamba mama nami tuingie kwa simu kwenye mkutano wa wanaomtibu. Mama halali, anadhani kesi inaanza upya. Tuseme nini, tufiche nini? – Dada mtu, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mtulize mama kwanza: pale hahukumiwi mtu. Nimefanya uuguzi kwenye wodi kama hiyo kabla ya kurudi kwetu Malindi, na mikutano hiyo nimeikalia mingi.

Atakuwepo daktari bingwa mwenye dhamana ya matibabu, muuguzi, mwanasaikolojia, ofisa wa ustawi wa jamii, mtaalamu wa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli za kila siku, pengine na mfamasia. Kila mmoja hueleza alichokiona: analala vipi, dawa zinamkubali au la, kagombana na nani. Halafu huja suala la ruhusa: kutembea uani na muuguzi, baadaye mjini, baadaye peke yake. Daktari akisema "bado", msimkasirikie upesi. Ikiwa mahakama ilimwekea kaka vizuizi chini ya sheria yao ya afya ya akili ya 1983, hawezi kumtoa nje ya hospitali mpaka Wizara ya Sheria iridhie.

Sasa mnachokwenda kusema. Tulikuwa na kijana mmoja ambaye ripoti za usiku zilirudia neno lile lile: anaongea peke yake. Ikawa inajadiliwa dozi ipande. Siku hiyo dada yake akaingia kwa simu, akauliza, "Ana tasbihi mkononi?" Anayo. Akasema tangu chuoni hajawahi kulala bila uradi. Mimi Mwislamu mwenzake nilikuwa nimekaa pale pale, lakini zamu zangu zilikuwa za mchana, sikujua. Dozi haikupanda.

Kisha yule dada akanyamaza kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini: kabla hajaugua, aliacha kula chakula cha mama yao, akawa anajichemshia yai chumbani, mlango kaufunga kwa ufunguo. Hilo hakuna aliyelijua. Likaandikwa kwenye mpango wake kuwa dalili ya kwanza ya kuangaliwa. Kwa hiyo msifiche, mdogo wangu, hata lile la aibu. Alivyokuwa mzima na alivyoanza kubadilika, mnajua nyinyi, si wao.

Kaka anaweza kukataa habari zake zisielezwe mbele yenu, na ni haki yake. Hilo haliwazuii nyinyi kusema lenu, watawasikiliza.

Ombeni mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa maandishi. Kaka asifanywe mkalimani wa mkutano unaomhusu yeye mwenyewe. Saa nazo mziangalie: wakati wao wa baridi, saa nne asubuhi ya kule ni saa saba mchana Lamu.

Na mama akitaka kumsalimia mwanawe kabla ya lolote, aseme. Nimeona meza nzima ikingoja salamu ziishe.