Paka dume aliyeziba mkojo: kuzibua ni nusu ya kazi

Mwenye paka hufika kliniki akisema choo kimefunga. Amemwona paka wake akichuchumaa mchangani kila baada ya dakika chache, akijikaza, hakitoki kitu. Mara nyingi si choo. Akiwa ni dume, chukulia kwamba mkojo umeziba mpaka upate uhakika kwa mkono. Weka vidole taratibu pande mbili za tumbo, karibu na miguu ya nyuma. Kibofu kilichoziba huwa kigumu na cha mviringo kama chungwa bichi, na paka hulalamika ukikigusa. Ukishakipata, ondoa mkono. Ukikibinya ili mkojo utoke unaweza kukipasua.

Dume ndiye anayeziba kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mrefu na huzidi kuwa mwembamba unapofika kwenye uume. Kinachoziba ni ute uliochanganyika na fuwele (chembe ngumu za chumvi za mkojo), au kijiwe, na wakati mwingine hamna kitu ila mrija wenyewe umevimba na kujibana. Jike huziba kwa nadra sana.

Mapema utamwona akijilamba uume, akidondosha matone yenye damu, akilia mchangani. Baadaye hujificha, hukataa chakula, hutapika. Akifika kwenye kutapika ujue sumu iliyopaswa kutoka na mkojo imeshajaa kwenye damu. Potasiamu hupanda nayo, na potasiamu ndiyo inayousimamisha moyo. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu, wakati mwingine mapema zaidi. Kwa hiyo huku Lamu, aliye Matondoni, Kipungani au Pate asingoje kupambazuke ndipo aanze kutafuta chombo cha kuvukia. Mpigie daktari wa mifugo kwanza, mweke paka ndani ya kapu lenye leso, na uulize saa za maji, kwa kuwa anayetoka Pate akikuta maji yamepwa kwenye mlango wa bahari wa Mkanda atachelewa saa kadhaa.

Nyumbani usimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Ini la paka haliwezi kuivunja Panadol, na kidonge kimoja tu kinaweza kumwua: damu hugeuka rangi ya kahawia na haibebi tena oksijeni. Diklofenaki na ibuprofeni humalizia figo ambazo tayari zimeelemewa. Wala usimmiminie maji mdomoni kwa kudhani yatasukuma kizibo. Hayatakisukuma, na akiwa mnyonge yanaweza kumpalia.

Akifika mezani, muuguzi asianze na uume, aanze na moyo. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Paka aliyeogopa na mwenye maumivu tunategemea apige 180 au zaidi. Chini ya 140 ni onyo. Chini ya 120, na joto la mwili chini ya nyuzi 37, mhudumie kama mwenye potasiamu ya juu hata kama mashine ya kupima damu haipo au umeme umekatika. Weka kanula (mrija mdogo wa kuingia kwenye mshipa) ya namba 22 kwenye mguu wa mbele. Daktari akiagiza kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, kipimo ni ml 0.5 hadi 1 kwa kilo, yaani ml 2 hadi 4 kwa paka wa kilo 4. Ipitishe polepole kwa dakika 5 hadi 10 huku sikio liko kwenye moyo. Mapigo yakizidi kushuka, simama. Dawa hii haishushi potasiamu. Inaukinga moyo kwa nusu saa hivi, na nusu hiyo ndiyo ya kuingiza dripu, insulini pamoja na glukosi za kushusha potasiamu akihitaji, na kuanza kuzibua. Wapo wanaoiogopa dripu ya Ringa laktati kwa sababu ina potasiamu ndani yake. Ni milimoli 4 tu kwa lita, haimdhuru, na inarekebisha asidi ya damu vizuri kuliko salini, yaani dripu ya maji ya chumvi.

Kuzibua ni kazi ya daktari, paka akiwa amelala kwa dawa. Muuguzi aandae katheta laini (mpira wa kutolea mkojo) ya saizi 3.5 Fr, kipimo cha unene wake, yenye tundu mwishoni, kanula ya namba 22 iliyotolewa sindano, ya kuanzia kuzibua, jeli ya ganzi ya lidokeini, sirinji kadhaa za ml 10 zenye salini tasa, glavu tasa, uzi, na kola ya shingoni ya kumzuia asijilambe. Uume ukishatolewa, msaidizi auvute nyuma kuelekea mkia ili mrija unyooke. Mrija una kikunjo, na katheta ikisukumwa kwa nguvu hapo huuchana. Kizibo hurudishwa nyuma kwa maji ya sirinji, si kwa ncha ya katheta. Kibofu kikiwa kimejaa mno, daktari hukipunguza kwanza kwa sindano kupitia tumboni. Njia ikifunguka, osha kibofu mpaka maji yarudi meupe. Anayeharakisha hapa ataamshwa usiku na katheta iliyoziba.

Mkojo ukitiririka, watu hushusha pumzi na kwenda kunywa chai. Hapo ndipo paka wengi waliokwisha kuokolewa hupotea.

Unganisha katheta na mpira wa dripu unaoishia kwenye mfuko mtupu ulio safi, na usiufungue tena bila sababu, kwa kuwa kila kiungo kinachofunguliwa ni mlango wa vijidudu. Mfuko ukae chini ya usawa wa paka lakini usilale sakafuni. Mvishe kola kabla hajaamka, maana kitu cha kwanza anachokitafuta akiamka ni ule mpira. Kila saa 8, kwa mikono iliyonawa na glavu mpya, futa sehemu ya nje ya katheta kwa dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini, iliyozimuliwa mpaka asilimia 0.05. Antibayotiki za "kukinga" wakati katheta iko ndani hatuzipendi: hazizuii maambukizi, zinaviachia tu nafasi vijidudu sugu.

Kisha pima mkojo kila baada ya saa 4 na uandike. Kiwango cha chini ni ml 1 hadi 2 kwa kilo kwa saa, kwa hiyo paka wa kilo 4 atoe angalau ml 16 hadi 32 katika saa hizo nne. Lakini figo zilizotoka kwenye shinikizo huweza kumwaga mkojo bila kipimo. Chukua paka huyo huyo: ametoa ml 120 kwa saa 4, na dripu imeachwa kwenye ml 10 kwa saa. Ameingiza 40, amepungukiwa 80, na damu yake yote haifiki ml 300. Usiku mmoja wa hesabu hiyo unatosha kumkausha. Kiasi kilichotoka katika saa 4 zilizopita ndicho kinachoongoza dripu ya saa 4 zijazo. Siku ya pili, akiwa anakula na vipimo vya damu vinashuka, punguza dripu kwa robo na uone kama mkojo nao unapungua. Ukipungua, endelea kushusha. Mpime uzito mara mbili kwa siku, kwa sababu gramu 100 zilizopungua usiku ni ml 100 za maji.

Katika kumwaga huko potasiamu iliyokuwa juu huanguka. Paka hulegea, shingo hushindwa kuinua kichwa. Potasiamu ikiongezwa kwenye dripu, pindua mfuko juu chini mara kadhaa ili ichanganyike, isizidi milimoli 0.5 kwa kilo kwa saa, na kamwe isisukumwe kwa sirinji.

Mkojo ukikoma ghafla, usiseme figo zimekufa. Angalia kwanza kama paka ameulalia mpira, umejikunja, kibano kimefungwa au kiungo kimeachia. Halafu gusa kibofu. Kikiwa kimejaa, katheta imeziba: ingiza ml 3 hadi 5 za salini tasa taratibu, uvute. Kikiwa kitupu, rudi kwenye hesabu ya maji aliyopewa, kisha mwite daktari.

Maumivu yasipotulizwa mrija hujibana tena. Buprenofini miligramu 0.02 kwa kilo, ikidondoshwa kwenye ufizi kila saa 8, hufanya kazi vizuri kwa paka. Prazosini ilitumika miaka mingi kulegeza mrija. Tafiti za karibuni hazikuonyesha faida, nasi hatuishauri.

Katheta hutolewa baada ya saa 24 hadi 48, mkojo ukiwa wa njano na safi. Asirudishwe nyumbani kabla hajakojoa mwenyewe, mkondo si matone, na kibofu kikawa kidogo baadaye. Mpe mchanga, paka wengi wa hapa hawakojoi kwenye gazeti.

Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi ya kuziba tena. Mchanga wa pwani usuuzwe chumvi na kuanikwa, na vyombo vya mchanga vizidi idadi ya paka kwa kimoja. Maji ya jabia (birika la maji ya mvua) au ya mfereji ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, ambayo paka huonja na kuyaacha. Samaki achemshwe bila chumvi, apewe pamoja na supu yake. Ng'onda, papa mkavu na dagaa wakavu waondolewe kabisa. Samaki mbichi wa kila siku naye hafai, kwani humwondolea vitamini B1. Jumla ya maji, ya bakulini na ya kwenye chakula, ifike karibu ml 50 kwa kilo kwa siku.

Akijikaza tena, arudi siku hiyo hiyo. Anayeziba mara kwa mara licha ya yote haya, daktari anaweza kushauri upasuaji wa kuondoa sehemu nyembamba ya mrija. Hupunguza sana kuziba, ila uvimbe wa kibofu hauuponyi, kwa hiyo maji na chakula vibaki vile vile hata baada ya kidonda kupona.