Muulize Yaya wa Mashini: laptop ya kijeshi, PlayStation ya basoda na roketi za Katanga

Hii mwezi barua zenu karibu zote zinazunguka ku jeshi, sijui ni juu ya gemu mupya ao ni juu ya habari za radio. Niseme mbele: miye si soda, sijapita hata mulango wa kambi, niko tu mutu wa kupenda ordinatere, gemu na vyuma vyenye vinaruka, basi chukueni haya kama maongezi ya pa barza, na mwenye hakubali aandike tena.

Yaya, jambo. Mu magazini moja kati ya mji minaona laptop yenye baliandika ku karto "ya kijeshi", bei inapita zingine na dola 120, na mwenye kuuzisha anasema hata ikianguka haivunjike. Njo kweli ao ananidanganya? (Mwanafunzi, Kasapa)

Mudogo, hakukudanganya kabisa, lakini hakumaliza maneno. Kuko kitabu cha jeshi la Marekani kinaitwa MIL-STD-810, kilianza mwaka 1962, na kinaeleza namna ya kupima vyombo: joto, baridi, vumbi, mvua, kutikisika mu gari, kuanguka. Ni namna ya kupima tu, basi. Jeshi halikukamata ile laptop kuitazama, hakuna biro yenye inatoa cheti, fabrike yenyewe njo inachagua vipimo gani ipitishe na inaandika "imepita" hata kama ilipitisha viwili vitatu na kuacha vile vingine vyote. Kwa kipimo cha kuanguka wanaachilia chombo mara 26, kutoka metre moja na senti 22, juu ya ubao wenye uko juu ya beto, na hapa angalia mayele: wanaruhusiwa kugawanya zile mara 26 ku vyombo mpaka vitano. Ya kwako iko moja, na ku parsele yenu hakuna mutu ametandika ubao.

Tena hapa Lubumbashi laptop nyingi hazikufe kwa kuanguka. Zinakufa kwa umeme yenye inakatika na kurudi na nguvu ya ajabu, na kwa vumbi nyekundu ya kiangazi yenye inaingia mu ventilateri na kufunika radiateri sawa blanketi, mashini inawaka moto, inapunguza mwendo, wewe unasema ni virusi. Chukua zile dola 120 ununue stabilizateri muzuri na SSD (diski ya mbio ya kuweka vitu vyako), na makuta yenye itabaki kula. Kiangazi ikiisha fungua mashini, toa batri, puliza vumbi, lakini shika mapanga ya ventilateri na kijiti isizunguke mbio wakati unapuliza, juu inaweza kuharibika. Na kama kweli unataka mashini ya kuvumilia, tafuta zile za biro za okazyo zenye zinatoka Ulaya, ThinkPad ya T ao Latitude, zilitumika mu kampuni miaka kadhaa wakazitupa: vise zinafunguka na tournevis ya kawaida, klavye inabadilishwa, batri inapatikana. Hazina karto ya kujisifu lakini ningezichukua mbele ya ile ya "kijeshi" bila kufikiri.

Yaya, tunabishana na barafiki ku nganda: miye nasema ordinatere ya jeshi la Marekani inapita mbali PC yote ya gemu, beye banasema gemu njo iko mbele. Nani ana haki? (Mubishi wa Kamalondo)

Barafiki zako, uwalipie bia ya Simba.

Zamani ungekuwa na haki. ENIAC, moja ya ordinatere za kwanza, yenye walionyesha watu mwezi wa pili 1946, ilikuwa na uzito wa tani karibu 30 na taa za elektroniki karibu 18,000 ndani, na jeshi njo lililipa, juu walitaka kuhesabu mizinga: ukipiga na pembe hii na upepo huu, kombora itaangukia fashi gani. Hata GPS ya telefone yako ni kitu ya jeshi, satelite ya kwanza ilipanda 1978, na mpaka mwezi wa tano 2000 Wamarekani walikuwa wanaharibu kwa kusudi signali ya raia ili isiwe sawasawa sana. Wakati ule ukitaka kuona kesho unaenda kuangalia mu kambi.

Kisha mambo ikageuka, na sababu ni biashara tu. Karte grafike inauzwa ku mamilioni ya vijana dunia muzima, kwa hiyo fabrike inapata makuta ya kutafuta mupya kila mwaka. Ndege ya vita inachorwa miaka kumi na kitu, inajengwa mia chache ao elfu chache, inaruka miaka 30 ao 40, na ordinatere yenye walichagua wakati wa kuichora njo inaruka nayo, huwezi kuamka asubuhi ukabadilisha kipande mu ndege yenye ilishapimwa yote.

Mwaka 2000 PlayStation 2 ikitoka, serikali ya Japani iliiweka mu vitu vyenye vinahitaji ruhusa kutoka inchi, juu waliona ile nguvu yake ya picha mutu anaweza kuitumikisha mu kombora. Toy ya batoto! Miaka kumi nyuma yake, 2010, jeshi la anga la Marekani likafunga PlayStation 3 zaidi ya 1,700 pamoja kule Rome, si Roma ya Papa, ni muji mu jimbo la New York, wakapata ordinatere kubwa ya kuchambua picha za satelite. Kwa nini PlayStation? Juu ilikuwa karibu dola 400, na Sony mwanzoni iliuza kwa hasara ikitegemea faida ya gemu, basi jeshi likafaidika na mashini yenye bachezaji walikuwa wanaisaidia kulipa. Lakini mwaka uleule Sony ikafunga mulango wa kuweka ndani Linux, ile programu ya bure ya kuendesha ordinatere, na ile hadisi haikuwa na mutoto wa pili.

Ngoja, hiyo ingine njo ninapenda kupita zote. Nyambizi ya Marekani USS Colorado, yenye ilianza kazi mwezi wa tatu 2018, wanageuza jicho lake la kuangalia juu ya maji na maneti ya Xbox 360. Mbele ya ile, kishikio na meza yake ya kuongoza vilikuwa vinagharimu karibu dola 38,000, maneti iko karibu dola 30, na kijana wa miaka 19 anaishika palepale bila kufundishwa siku mingi. Mutu wa kwanza mwenye alisema hii wazo mu mukutano wa bajenerali ningetaka kumuona sura.

Na upande wa pili: makombora ya nyuklia ya Marekani, amri zao zilikuwa zinapita mu mashini ya IBM ya miaka ya 1970 yenye inasoma diski laini za inchi 8, zile kubwa sawa sahani, mpaka 2019. Watu wanacheka. Miye sicheki. Mutu wa mbali hawezi kuingia mu mashini yenye haina hata fashi ya kuingiza kamba ya intaneti, na kwa kazi ya kuongoza bomu kama ile, heri mashini ya muzee yenye kila kasoro yake ilishajulikana. Ndiyo maana swali yenu ya "nani iko mbele" haiko sawa sana: bachezaji wanatafuta mbio, jeshi linatafuta kitu yenye haitakufa ku siku yake.

Droni njo zimevunja hii ukuta kabisa. Zile ndogo za FPV zenye vijana walikuwa wanazijenga wenyewe kwa mashindano, unavaa miwani unakimbiza mu miti, leo mu Ukraine zinabeba bomu, mota ni ileile, karte ya kuongoza ni ileile. Nilikuwa napenda sana ule muchezo. Tuache hapo.

Yaya, minaomba musaada. Mutoto wangu wa miaka 14 anacheza gemu za vita busiku na muchana. Juzi balinitumia videyo ku WhatsApp, ndege inapigwa inaanguka, banasema ni vita ya kweli, miye naogopa, yeye anaangalia anacheka: "Mama, hii ni Arma." Ananichezea? (Mama, Bel-Air)

Mama, mutoto ana haki, leo mwongeze nyama.

Arma 3 ni gemu ya 2013, inatengenezwa na Bohemia Interactive ya inchi ya Czech, na videyo zake zimepita sana ku watu kama habari za vita mpaka mu mwezi wa kumi na moja 2022 kampuni yenyewe iliandika kufundisha watu namna ya kuzitambua. Wala usione haya. Mwaka 2011 televizyo ITV ya Uingereza ilipitisha kipande cha Arma 2 ikisema ni filme ya basoda wa IRA, kile kikundi cha silaha cha Ireland. Mwaka 2017 wizara ya ulinzi ya Urusi ilionyesha dunia "ushuhuda" wa picha, na moja ilitoka mu gemu ya telefone ya kupiga watu kutoka ndege. Wizara muzima, mama.

Videyo ya namna ile mara mingi iko busiku, picha mbaya kwa kusudi, kamera inatikisika kupita kiasi, juu picha safi itaonyesha uongo. Pembeni wamekata, hapo njo kunakuwaka namba za risasi na karte ya gemu. Watu hawaonekane, ao wakitembea ni magoti magumu. Angalia moshi: ya kweli inasukumwa na upepo, inachanganyika, ya gemu inapanda na kurudilia umbo lilelile. Na sikiliza. Mutu wa kweli mwenye anashika telefone anapumua, anakimbia, anaita. Kwetu mutu hawezi kupiga videyo ya bomu asiseme hata "Yesu!" moja, sasa kama ile videyo iko kimya dakika nzima, iweke pembeni, usitumie ku dada zako.

Kuhusu busiku na muchana, hapo sina mayele nyingi: maneti na telefone zinalala mu chumba yako, basi. Hata bakubwa wanapotea mule. Mu gemu ya vifaru na ndege, War Thunder, kuko mutu mwaka 2021 alibishana na watengenezaji ati kifaru cha Waingereza Challenger 2 hakikuchorwa sawasawa, na kwa kushinda ubishi akaweka kurasa za kitabu cha jeshi chenyewe, watu wote wasome. Na hakuwa wa mwisho, kisha ikaja ya kifaru Leclerc ya Ufaransa. Siri ya inchi kwa ubishi wa gemu! Wako anapoteza tu usingizi.

Kijana, ndugu ya baba yangu alikuwa anasema mu wakati wa Mobutu roketi zilirushwa kwetu Shaba, na kwamba bomu ya Hiroshima ilitoka kwetu pia. Wajukuu wananicheka. Unajua kitu? (Muzee wa Ruashi)

Papa, wajukuu waje waombe musamaha, juu yote mbili ni kweli.

Roketi zilikuwa za kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ya Lutz Kayser. Mobutu aliwapa eneo ya kilomita mraba karibu 100,000 mu kaskazini ya Katanga (wakati ule iliitwa Shaba), kando ya muto Luvua. Ya kwanza ilipanda tarehe 17 mwezi wa tano 1977, ya pili 20 mwezi wa tano 1978, ya tatu tarehe 5 mwezi wa sita mwaka uleule, Mobutu mwenyewe akiangalia, na hiyo njo ikaharibika ikaanguka. Wazo lao lilikuwa la fundi wa karakana, na ndiyo maana ninalipenda: badala ya roketi moja ya bei kali, unafunga pamoja mirija mingi ya namna moja, na valve zinafunguliwa na mota ya esuiglasi ya gari. Ndiyo, ile yenye inapangusa mvua. Warusi, Wafaransa na majirani wetu waliogopa ni kombora za vita zinajificha, wakasukuma, 1979 ikafungwa, wakaenda Libya. Kama ilikuwa ya vita ao ya satelite watu wanabishana mpaka leo, miye ninaona walikuwa tu bafanyabiashara wenye hawakuchagua sana mwenye kulipa.

Bomu, ni Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya madini, alipeleka tani zaidi ya elfu moja za mawe ya uranium New York, zikakaa mu depo ku Staten Island mpaka 1942 jeshi la Marekani likaja kununua. Sehemu kubwa ya uranium ya ile bomu ya tarehe 6 mwezi wa munane 1945 ilitoka ku ile shimo. Na kwa wajukuu wenye kupenda gemu: kati ya watu wenye walitengeneza elektroniki ya zile bomu kule Los Alamos, fashi Wamarekani walizitengenezea, alikuwa William Higinbotham. Mu 1958, ku laboratware ya Brookhaven, yeye njo alitengeneza muchezo wa tenisi ku kiekrani cha duara cha osiloskopu (chombo cha kupima umeme), watu wakapanga foleni kuucheza. Ni moja ya gemu za kwanza kabisa duniani. Waambie hivyo wakishika maneti.

Yaya, niko na laptop ya RAM giga 4, haina karte grafike. Nicheze nini cha vita? (Wa Katuba)

Age of Empires II ile ya zamani ya 1999, Counter-Strike 1.6, na Battle for Wesnoth, hii ya mwisho ni ya bure na haiombe mega hata moja ukishaiteremusha. Ukitaka kuongeza RAM fungua kwanza kifuniko cha chini uone kama kuko fashi ya pili, na ile kipande ya zamani uende nayo ku soko, juu DDR3 na DDR4, aina mbili za RAM, haziingiliane na muuzaji hatakubali kurudisha makuta.