Jibu: Kwa nini Vancouver-Burrard ina vipindi viwili?

Mkuu, umeuliza kwa nini Vancouver-Burrard inatokea mara mbili kwenye historia ya uchaguzi wa British Columbia, mkoa wa Kanada. Ni kwa sababu jimbo hilo la uchaguzi lilifutwa, kisha jina likafufuliwa.

La kwanza lilianza uchaguzi wa 1933, katikati ya jiji la Vancouver, na lilikuwa na wabunge wawili kwa mpigo. Mpiga kura alikuwa na kura mbili, kwa hiyo mara nyingi chama kimoja kiliondoka na viti vyote. Ndivyo NDP (New Democratic Party, chama cha mrengo wa kushoto) walivyofanya 1972: waliingia Norman Levi na Rosemary Brown, mzaliwa wa Jamaika, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge lolote la mkoa Kanada. Mwaka 1975 Brown aligombea hata uongozi wa NDP taifa, akashika nafasi ya pili nyuma ya Ed Broadbent. Mipaka ilipochorwa upya kabla ya uchaguzi wa 1979 jimbo likafa, naye akahamia Burnaby-Edmonds na kushinda tena.

Jina lilirudi 1991, safari hii kwa mbunge mmoja tu. Aliyelichukua ni Emery Barnes, aliyewahi kucheza futiboli ya Kimarekani, na 1994 akawa Spika wa bunge la mkoa. Mwaka 2005 kiti kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 11 tu, hebu fikiria! Mwaka 2009 eneo hilo liligawanywa, sehemu kubwa ikawa majimbo ya Vancouver-West End na Vancouver-False Creek.