Ukitaka kumjua nyigu mchimbaji, anzia begani

Kwa muda mrefu nilimwita nyigu mchimbaji kila nyigu niliyemkuta akifukua udongo. Siku moja nikampiga picha mmoja mweusi mwenye miguu mirefu, akimburuta buibui kinyumenyume kuelekea shimoni. Nilipoikuza picha ndipo nikaliona kosa langu: yule ni nyigu wa buibui, familia ya Pompilidae. Kuchimba anachimba, ila si wa ukoo wa nyigu wachimbaji.

Kwa hiyo usianze na rangi wala tabia, anza na bega. Bamba la kwanza la kidari cha nyigu mchimbaji ni fupi kama kola. Kila upande lina kinundu cha mviringo, nacho hakikifikii kile kigamba kidogo kilichofunika shina la bawa la mbele. Kwa nyigu wa buibui, na hata nyigu wa viota vya karatasi, bamba hurudi nyuma mpaka kwenye kigamba. Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 inatosha.

Nyuki nao wana kola hiyohiyo, maana ni ndugu: wote ni wa kundi la Apoidea. Kinachowatenganisha ni vinyweleo. Vya nyuki vina matawi, vya nyigu mchimbaji havina.

Majina yasikuvunje moyo. Zamani karibu wote waliwekwa katika familia ya Sphecidae, kisha wengi wakahamishiwa Crabronidae, na mwaka 2018 watafiti wakapendekeza hiyo nayo igawanywe, zikatokea familia kama Bembicidae na Philanthidae. Vitabu viwili vikipingana, tazama kwanza miaka ya kuchapishwa.

Kiuno nacho husaidia, lakini kisikutawale. Ammophila, aina mojawapo ya nyigu wachimbaji, ana kiuno kirefu chembamba kama uzi. Bembix, aina nyingine, ni mnene, kiuno hukioni, na mdomo wake wa juu umechongoka kama wa ndege.

Ninachokipenda zaidi ni mguu wa mbele wa jike. Una safu ya miiba mirefu, reki kamili. Kaa kimya hatua mbili kutoka kwenye mchanga mkavu umtazame Bembix: miguu ya mbele inakwenda kasi mpaka huioni, tumbo linainuka na kushuka, na mchanga unaruka nyuma chini yake. Dume hana reki ya namna hiyo, wala mwiba wa kuchoma. Vipapasio vyake kwa kawaida vina pingili 13, vya jike 12. Zihesabu kwenye picha, si mkononi.