Umeteuliwa "mwakilishi wa wafanyakazi" kwenye kamati ya chuo? Usikatae, ila usikubali barua peke yake

Dada wa maabara, nimesoma swali lako na majibu yaliyofuata. Umesema umepokea barua ya msajili wa utawala ikikuarifu kwamba umeteuliwa kuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya usalama na afya ya chuo chenu hapa Mombasa. Wenzako wanasema umeshanunuliwa. Chama nacho kinadai nafasi hiyo ni yake. Na wewe hukuomba chochote. Waliokujibu wamegawanyika, wako wanaosema chukua na wako wanaosema rudisha.

Mimi ni mfanyakazi asiyefundisha katika chuo kikuu cha umma papa hapa kisiwani. Nimewahi kuwa mwakilishi wa chama idarani, kisha nikakaa kwenye kamati hiyohiyo unayoitiwa. Kwa hiyo haya si ya kusoma gazetini.

Kwanza ondoa wazo kwamba kamati hii ni hisani ya msajili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri mwenye watu 20 au zaidi kuiunda. Kanuni zake ni za 2004 (zimeitangulia sheria yenyewe kwa sababu zilitungwa chini ya ile ya zamani ya viwanda), na zinataka pande mbili ziwe sawa kwa idadi. Penye watu 20 hadi 100, kila upande usipungue watatu. Kuanzia 101 hadi 1000, watano kwa watano. Zaidi ya hapo, saba kwa saba, na vyuo vyetu vingi vikubwa vinaangukia hapo. Upande wa wakubwa huteuliwa na mwajiri. Upande wenu mnauchagua wenyewe. Basi barua inayosema mkubwa amewateulia wenzako mwakilishi imeanza vibaya, hata kama wewe mwenyewe unafaa.

Ukikataa itakuwaje? Nimeshaona. Inaandikwa barua nyingine kwenda kwa mtu wa jengo la utawala ambaye maabara anaijua kwa ramani tu, anatia saini, orodha inajaa. Mkaguzi akija anaonyeshwa faili safi. Ndiyo maana nakuambia usirudishe barua. Ijibu. Mistari michache inatosha: unashukuru, uko tayari kuhudumu, na unaomba uitishwe uchaguzi ili watu wa maabara, karakana, jikoni, bustani na ofisini wamchague wamtakaye, nawe ukiwa mmoja wa wagombea. Nakala ipeleke kwa katibu wa tawi la chama. Usiandike kwa ukali wala usimwage vifungu vya sheria ukurasa mzima. Msajili anazijua kanuni, anataka tu kuona kama nawe unazijua.

Sisi uchaguzi wetu tuliufanyia jikoni saa nne asubuhi, wakati wa chai, kwa kuwa hiyo ndiyo saa pekee ambayo wapishi, mafundi na watu wa bustani hukutana bila kuitwa na mtu. Karatasi za kura zilikatwa kwa rula kutoka vijitabu vya mtihani vilivyobaki. Sanduku lilikuwa kopo la biskuti lililotobolewa kifuniko. Mhadhiri mmoja aliyekuja kutazama akauliza kama uchaguzi wa namna hiyo ni halali. Fundi bomba akamwambia, "Mwalimu, ule wa nchi una masanduku ya pesa nyingi na bado watu huishia mahakamani." Aliyeongoza kwa kura alikuwa mama wa jikoni ambaye hakuna mkubwa angemfikiria. Siku ya ukaguzi wa kwanza aliwapeleka wanakamati moja kwa moja hadi mlango wa dharura wa bwalo, akawaonyesha kufuli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje ili sahani zisiibwe, na mitungi ya gesi imepangwa ndani, kando ya mlango huohuo. Sisi sote tulikuwa tumekula pale miaka.

Hilo la ukaguzi lishike. Kamati inatakiwa ikutane na kukagua mahali pa kazi angalau kila miezi mitatu, na wanakamati wapewe mafunzo ya msingi ndani ya miezi sita. Dai mafunzo hayo mapema, maana bila hayo utakuwa unanyamazishwa kwa maneno mazito ya kitaalamu. Na kwa wale wanaokutisha kwamba utaandamwa: sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumfukuza au kumbagua mtu kwa kuwa ni mwanakamati au kwa kuwa amelalamikia hatari. Sisemi hutanuniwa. Kununiwa kupo.

Sasa vikao vyenyewe, na hapa ndipo wawakilishi wengi hupotelea. Kwenye maabara yetu ya kemia kulikuwa na kabati la kufyonza mvuke ambalo feni yake ilikuwa imekufa. Wanafunzi walikuwa wakipasha asidi huku madirisha yako wazi, na mwezi wa Februari Mombasa dirisha halikusaidii, linakuongezea joto tu. Ukisoma kumbukumbu za vikao unakuta neno lilelile: "suala linashughulikiwa". Na nani? Mpaka lini? Kimya. Tulichoomba sisi ni kitu kidogo sana, jedwali la kumbukumbu liongezwe safu mbili, ya jina na ya tarehe. Isiandikwe "idara ya ujenzi na ukarabati", liandikwe jina la mtu. Mwenyekiti hakuona ubaya wowote akakubali. Kikao kilichofuata mhandisi alikuja na makadirio ya bei mkononi, kwani sheria inataka mahali pa kazi pafanyiwe ukaguzi kamili wa usalama kila miezi 12 na mshauri wa usalama, na alijua kumbukumbu hizo zitasomwa zikiwa na jina lake. Feni yenyewe haikuja haraka, ununuzi wa serikali mnaujua. Lakini kamati iliamua majaribio ya asidi yasimame mpaka kabati lifanye kazi. Angesema hivyo mtaalamu wa maabara peke yake angeitwa mkaidi.

Jingine ni saa. Kwetu vikao vilikuwa vikiitishwa saa kumi jioni. Wanakamati wa upande wa wakubwa wana magari na maegesho. Wa upande wetu wengi ni wa Likoni na Kisauni, na mtu anayewazia feri saa kumi na moja hawezi kubishana kuhusu ajenda ya tisa. Mambo mazito yalikuwa yanapitishwa mwishoni, wakati sisi tumeshaanza kutazama mlango. Tukaomba kikao kiwe saa tatu asubuhi, ndani ya saa za kazi, na mkuu wa kila idara aandikiwe amwachilie mtu wake. Ombi la namna hiyo halimgharimu mtu senti. Ukikataliwa, umeshajua unakaa na watu gani.

Kuhusu chama. Wanajukwaa wawili wamesema kiti ni cha chama moja kwa moja. Sikubaliani nao, na mimi ni mwanachama. Kanuni zinasema wawakilishi wa wafanyakazi, na mfanyakazi ni pamoja na yule wa mkataba na yule ambaye hajajiunga. Halafu hapa vyuoni chama si kimoja: wahadhiri wako UASU, wafanyakazi wengine wako KUSU au KUDHEIHA. Ukimpa mmoja kiti, wengine watauliza. Njia ya amani ni kila tawi lisimamishe wagombea wake na watu wapige kura. Chama kina ukumbi wake ambao kamati haiwezi kuugusa. Kikishapata wanachama zaidi ya nusu ya wanaostahili kujiunga, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamtaka mwajiri akitambue, na mishahara hujadiliwa huko. Mgomo wa vyuo vikuu vya umma wa 2025 ulidumu siku 49, na sehemu kubwa yake ilikuwa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Hakuna kamati ya kampasi ambayo ingelimaliza hilo, kwa hiyo mtu akikutuma upeleke suala la mshahara kwenye kamati ya usalama, mwambie kwa upole umefika mlango usio wake.

Walinzi wa kampuni na wasafishaji wa kandarasi hawamo kwenye daftari la mishahara la chuo, na hawapigi kura popote. Wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa somo ni vivyo hivyo kwa vitendo. Hao ndio wanaopanda ngazi mbovu usiku na kufundishia madarasa yenye nyaya wazi. Sisi tulikuwa tunawaalika walinzi kwenye ukaguzi, bila kura. Mlinzi mmoja wa zamu ya usiku alitupa orodha ya taa zilizokufa iliyo ndefu kuliko ripoti nzima ya mhandisi.

Umeuliza pia kuhusu kamati nyingine. Ya nidhamu ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa sababu watu huenda pale peke yao. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Nilimsindikiza tarishi mmoja aliyedaiwa kupoteza funguo za stoo. Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza cha mahakamani, ukurasa na nusu, naye akawa anaitikia "yes" kila mstari. Nikamwomba mwenyekiti asimamishe, yasomwe upya kwa Kiswahili. Walinung'unika, wakasoma. Ndipo mzee aliposema, "Funguo hizo nilizirudisha kwa karani, na daftari nilitia saini." Daftari likaletwa. Kama kungekuwa na mwakilishi wa kudumu wa wafanyakazi kwenye kamati ile, aliyeteuliwa na ofisi, angetikisa kichwa na wengine. Mwenza wa mtu mwenyewe ni bora kuliko kiti cha heshima.

Ya pensheni ndiyo yenye meno na hakuna anayeigombea. Kwenye mpango ambao kila mwanachama ana akaunti yake ya michango, kanuni za mafao ya uzeeni zinataka angalau nusu ya wadhamini, yaani wasimamizi wa mfuko, wateuliwe na wanachama. Kwenye ule wa zamani wa kuahidiwa kiasi maalumu, angalau theluthi moja. Mdhamini ana haki ya kuona kama makato yenu yamefika kwenye mfuko au yameishia njiani. Uchaguzi wake ukitangazwa kwetu, bango hukaa ukutani hadi lipauke na wagombea hawatimii. Ila kamati ya tafrija ya mwisho wa mwaka, hiyo watu hugombana.

Baraza la chuo nalo msipoteze usingizi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 haikuwaachia wafanyakazi kiti cha kuchaguliwa kule, na kulibadilisha hilo ni kazi ya Bunge. Seneti ya chuo ni ya taaluma.

Kwa hiyo dada, pamoja na lile jibu la barua, omba vitu vitatu kwa katibu wa kamati kabla hujahudhuria: kumbukumbu za vikao vya mwaka uliopita, ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa usalama, na orodha ya wanakamati inayoonyesha nani yuko upande gani. Orodha isome kwa makini. Mara nyingi utamkuta mkuu wa idara au naibu msajili amehesabiwa upande wa wafanyakazi kwa hoja kwamba naye ni mwajiriwa. Ukimkuta, usimseme pembeni, liweke kwenye ajenda kwa maandishi siku saba kabla ya kikao. Ukinyimwa karatasi hizo, rudi utuambie umejibiwa nini, na kama ulijibiwa kwa mdomo au kwa barua. Ofisi ya usalama kazini ya Mombasa hupokea malalamiko ya maandishi, na humu wamo waliokwisha kuwaandikia na wanajua barua hupangwaje.