Mkonga wa kulala ndani: breki kwanza, springi baadaye

Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo) yetu ya 1994 niliinunua Arusha, ikiwa imebeba watalii miaka mingi. Nikang'oa viti vya nyuma, nikaweka kitanda, tangi la maji la lita 100, jiko la gesi na betri ya pili. Watoto wakaiita "nyumba". Ila nyumba hiyo ilikuwa ikiinamisha pua kila nikigusa breki, na kwenye rasta (vile vituta vidogo vinavyofuatana barabarani) ilikuwa inagonga mbele hadi vyombo vinalia.

Nikakimbilia springi. Mkonga za kabla ya 1999 zina springi za pleti (vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka) hata mbele, si koili (za mviringo), kwa hiyo kazi ni nyepesi na kila gereji inaijua. Tukaongeza pleti mbele na nyuma. Gari ikainuka, ikapendeza, ikawa inarukaruka kama punda.

Halafu tukaenda Lushoto. Wakati wa kuteremka, tulipopita Soni, pedali ikaanza kulainika, mara ikazama hadi chini. Nikarudisha gia ya pili, ya kwanza, huku napampu, mpaka ikasimama. Mke wangu hakusema neno hadi Mombo, chini ya mlima. Pale ndipo nilipogundua jambo: rimu za mbele zilikuwa hazishikiki kwa moto, za nyuma baridi kabisa.

Fundi alikuta mambo mawili. La kwanza, mafuta ya breki ya zamani. Mafuta haya hunyonya unyevu. DOT 3, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huvumilia hadi 205°C, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na mvuke ukiingia kwenye mabomba unakanyaga hewa. La pili tulilitengeneza wenyewe. Juu ya eksili ya nyuma kuna valvu yenye kifimbo, inayopima mzigo kwa kuangalia gari imekaa chini kiasi gani. Tulipoinua gari, valvu ikaona haina mzigo, ikabana breki za nyuma. Mbele ikabaki inafanya kazi yote.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata bolti, jaza maji, pakia familia, nenda kwenye mizani ya mtu wa mazao. Pima magurudumu ya mbele peke yake, kisha gari zima. Kwangu mzigo ulikuwa nyuma. Mbele hapakuhitaji pleti ya ziada hata moja, ni shokapu na bushi zilizokwisha. Tukazitoa zile pleti za mbele, tukafungua kalipa, yaani kibanio cha pedi kwenye diski (pistoni moja ilikuwa imeganda kwa kutu), tukabadilisha diski, pedi, hosi zote za mpira, tukatia DOT 4. Kifimbo cha valvu kikatengenezewa kipande cha chuma kufidia kimo cha nyuma. Pedi za bei poa achana nazo, nilishazijaribu, zinanuka tu.

Mwezi uliopita tumeteremka tena Lushoto, gia ya pili. Mombo nikashuka, nikapitisha mkono karibu na rimu zote nne. Za nyuma nazo zilikuwa za moto.